Wakuu, Application Data ndani ya Application Data, haina mwisho. Nifute?

Mpiga Chapa
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha steshenari hapa Tanga, na siku hizi nafomati na laptopu za watu. Jirani yangu wa duka la dawa kaniletea ya kwake nimbadilishie diski. Nikaona kwanza nihamishie vitu vyake kwenye diski ya nje. Folda yake, C:\Users\Ofisi, ina GB 31.

Kukopi kukafika 31, kukapita. Nikaenda kula, narudi nakuta GB 170, halafu ikaanza kulalamika kwamba majina ni marefu mno. Nikachungulia: AppData (folda ambamo programu huweka vitu vyake), Local, Application Data. Ndani yake mna vitu vilevile vya Local, pamoja na Application Data nyingine! Nimeingia na kuingia, nimehesabu 13 ndipo ikagoma.

Nisiwafiche: mwanzoni folda hiyo ilikataa kufunguka, inasema "Access is denied". Nikajimilikisha, nikampa Everyone (yaani kila mtumiaji) ruhusa zote, ikafunguka. Je, ni kirusi? Nifute? Mwenye mali anaitaka kesho asubuhi.

Chuma Ulete
Kirusi hicho mkuu, ndugu yake na kile cha flashi kinachogeuza mafolda kuwa shotikati. Futa, piga Windows upya, lala.

Bi Mitambo
Chuma Ulete, usimponze mwenzio. Mpiga Chapa, usifute chochote humo, hata kama uko ngazi ya 13. Faili unayoiona kule chini ndiyo ileile ya juu. Ukiifuta kule, imekwenda.

Hiyo si folda, ni kiungo. Windows inakiita junction. Fikiria uko ukumbini, unafungua mlango ukidhani unaingia chumbani, unajikuta ukumbini tena na mlango uleule uko mbele yako. Application Data iliyo ndani ya Local inaelekeza kwenye Local yenyewe. Si shotikati: shotikati ni faili tu ya .lnk, na programu ya kukopi inaibeba kama faili nyingine yoyote. Kiungo kimo ndani ya NTFS yenyewe, yaani mfumo ambao Windows hutumia kupanga faili kwenye diski, kwa hiyo programu ikikigusa inaona folda halali na inazama nacho.

Kuhakikisha, fungua Command Prompt, nenda kwenye Local, andika:

dir /aL

Utaona neno JUNCTION na pembeni yake inakoelekea.

Mpiga Chapa
Nimeona, bi mkubwa. Kweli inaelekea Local. Sasa Microsoft waliweka mtego huu makusudi?

Bi Mitambo
Makusudi kabisa, na kwa nia njema. Enzi za Windows XP vitu vya mtumiaji vilikaa Documents and Settings, na programu nyingi zilizoea njia ya Local Settings\Application Data. Windows Vista ilipotoka 2007 wakahamishia kila kitu Users, na hiyo ya XP ikawa AppData\Local. Programu za zamani zisipotee njia, wakaweka viungo. Local Settings inakupeleka AppData\Local. Lakini programu bado inatafuta Application Data humo ndani, si ndiyo? Basi ikabidi humo nako kiwekwe kiungo cha jina hilo, kinachorudi palepale.

Walijua kitazunguka, ndiyo maana wakaweka katazo: Everyone asiruhusiwe kuorodhesha yaliyomo. Programu inayojua jina kamili la faili inapita, anayechungulia anazuiwa. Ile "Access is denied" ilikuwa ua, nawe umeung'oa.

Kikokotoo
Hiyo 13 imenifurahisha. Njia ya kawaida ya Windows, yaani anwani nzima ya faili, haizidi herufi 260, na moja ni ya alama ya mwisho, zinabaki 259. C:\Users\Ofisi\AppData\Local ni herufi 28. Kila "\Application Data" ni 17. Mara 13 unafika 249, ya 14 ingekuwa 266. Hata mteja angekuwa na jina refu kama Mwanahamisi, ungefika 255, bado ni 13.

Mpiga Chapa
Kikokotoo wewe hatari 😂 Sasa dawa?

Bi Mitambo
Kwanza rudisha ua, kama admin:

icacls "C:\Users\Ofisi\AppData\Local\Application Data" /deny Everyone:(RD) /L

Hiyo /L usiisahau. Ndiyo inayosema katazo likae kwenye kiungo chenyewe, lisiende kule kinakoelekea.

Kisha kopi kwa robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows:

robocopy C:\Users\Ofisi E:\Mpya /E /XJ /R:1 /W:1

/XJ maana yake ruka viungo vyote. Zile R na W ni za muhimu kuliko zinavyoonekana, kwani bila hizo robocopy ikikwama kwenye faili moja inajaribu tena mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Mteja wako atazeeka.

Baharia wa Linux
Huku kwetu ukiandika ln -s . mimi umeshatengeneza ukumbi huohuo. Ila find, amri ya kutafuta faili, haifuati viungo mpaka uiambie -L, na kernel (kiini cha mfumo) yenyewe inakata ikishapita viungo 40 kwenye njia moja. Kukopi, amri ya rsync -a inabeba kiungo kama kiungo. Napita tu.

Mpiga Chapa
Imekwenda, dakika 40 na ushee, GB 31 kasoro kidogo. Lakini ile kopi ya kwanza kwenye E:\Bekapu haifutiki, inasema jina refu.

Bi Mitambo
Hizo sasa ni folda za kweli, si viungo, zimerundikana tu. Tengeneza folda tupu C:\tupu, kisha:

robocopy C:\tupu E:\Bekapu /MIR

Inaifanya Bekapu ifanane na tupu, yaani inafuta yote, na njia ndefu haiisumbui. Soma herufi ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Kikokotoo
Swali dogo. Hizo ruhusa za Everyone, uliwapa hapo tu, au na kwenye C:\ProgramData? Huko nako kuna Application Data inayojirudia.

Mpiga Chapa
...
Ngoja nirudi kibandani.