Dola zikiadimika, mwekezaji wa nje anakimbia au anangoja tu?

Mkulima_Kibaigwa: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa wa nje alitaka kuungana na kikundi chetu tufunge mashine ya kukamua alizeti, kaja, kakagua eneo, kapiga picha mpaka mashudu (yale makapi yanayobaki ukishakamua mafuta), dola zilipoadimika 2023 akaanza kuchelewa kujibu meseji, sasa kimya kabisa. Hela za nje ndo zinakataga hivi kukiwa na mgogoro au sisi tu hatukumvutia?

mtu_wa_hisa: Mkuu hela za nje ziko aina aina. Ya hati fungani (zile karatasi za kuikopesha serikali) na hisa ndo haina subira. Waangalie Ghana, wageni walishika hati fungani nyingi za serikali, 2022 wakaanza kutoka, cedi, hela yao, ikaporomoka, Desemba nchi ikasitisha kulipa sehemu kubwa ya deni la nje. Sisi Tanzania mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008 ulituuma kwenye pamba na utalii, huko kwenye hati fungani hatukuguswa maana wageni hawakuruhusiwa kununua, hata jirani zetu wa Afrika Mashariki waliruhusiwa 2014.

Fundi Bomba: Aliyekwisha kuchimbia hela ardhini haondoki. Bomba la mafuta ghafi la Uganda hadi Tanga linapita huku kwetu Singida na Dodoma, mabenki kibao ya Ulaya yakagoma kulikopesha lakini TotalEnergies wenye 62% wakakomaa. Jamaa yako yeye hajafunga hata bolti, kukaa kimya hakumgharimu kitu. Halafu piga hesabu, dola ilikuwa kama 2,300 mwanzo wa 2023, katikati ya 2024 ikapita 2,600, faida ya 10% kwa shilingi ukiibadilisha unakuta umekula hasara, na hapo bado hujaipata hiyo dola benki 😂

Singida_Alizeti: Mi naona dola mnaisingizia. Vita ya Ukraine 2022 ilipandisha mafuta ya kula, kila mtu akakimbilia alizeti, msimu uliofuata mafuta ya nje yakajaa sokoni bei ikaanguka, watu wamebaki na magunia ndani wanayaangalia. Ushuru wa mafuta ya nje unaguswa kila bajeti ya Juni, nani atafunga mashine ya miaka kumi hapo?

Mkulima_Kibaigwa: Sasa nimwambieje?

Fundi Bomba: Mwambie sehemu ya gawio lake achukue mashudu. India na Kenya wananunua, auze mwenyewe apate dola zake.

Mkulima_Kibaigwa: Kuna wenzangu wana ng'ombe na nguruwe, hapo kwenye mashudu patachimbika. Ila ntamtumia meseji kesho.