Kejeli za mageuzi ya elimu kwenye tivii: Yes, Prime Minister au The Thick of It?

MwalimuZamu: Wakuu, heshima kwenu. Nina kipindi na wanachuo wa ualimu, mada ni sera ya elimu, na slaidi zimenichosha hata mimi. Nataka kuwawekea vichekesho vya siasa, kisha tubishane. Nimebaki na viwili, vyote vya Uingereza: Yes, Prime Minister, ile sehemu ya Januari 1988 iitwayo The National Education Service, na The Thick of It. Mngechukua kipi?

Kobe74: Cha 1988, wala sina mjadala. Waziri Mkuu Hacker anahangaishwa na hali ya elimu, na Dorothy, mshauri wake wa siasa, anampa dawa: wazazi wajichagulie shule, Wizara ya Elimu ifutwe. Sir Humphrey, katibu mkuu wa Baraza la Mawaziri, nusura azimie. Watoto hawamo kichwani mwake. Kinachomtisha ni wizara nzima kufutwa. Anadai wazazi hawana sifa za kuchagua, eti hata kulea hawajasomea!

Kuna mahali pa kusimamisha video. Humphrey anaeleza jinsi wizara inavyozitetea shule zisizochuja wanafunzi. Serikali ikiwa ya Labour, chama cha mrengo wa kushoto, inaambiwa kuchuja kunawagawa watu. Ikiwa ya Conservative, wa mrengo wa kulia, inaambiwa kuchuja ni ghali. Shule ni zile zile, sababu mbili, na kila upande unaondoka umeridhika. Waulize wanachuo: sera hiyo ni ya nani?

Halafu mwaka wenyewe. Muswada wa elimu wa Kenneth Baker, waziri wa elimu wa Uingereza wa kweli, ulikuwa bungeni wakati ule ule, ukawa sheria Julai 1988. Ulileta mtaala wa taifa na kuziruhusu shule kujitoa kwenye mamlaka za mitaa. Watu walikuwa wanacheka mambo waliyoyasoma gazetini asubuhi.

BintiPwani: Kaka Kobe, kwa uandishi sikupingi. Ila vijana watalala, sentensi za Humphrey ni ndefu kama treni ya Kigoma. Mimi ningeweka The Thick of It ya 2005. Waziri Hugh Abbot anatakiwa kuipigia debe sera ya kuwahamishia watoto wenye mahitaji maalumu kwenye shule za kawaida, na Glenn, mshauri wake, ana mtoto katika shule maalumu. Hugh ameshasikia maoni ya mtaalamu na ameingiwa na shaka. Malcolm Tucker, mbabe wa mawasiliano wa Waziri Mkuu, anamjibu kwamba amemsikiliza mtaalamu asiye sahihi. Wa kumsikiliza ni yule ambaye unajua atakushauri nini kabla hajakushauri. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao cha "kukusanya maoni ya wadau" cha namna hiyo?

Mzee_wa_Chaki: Dada yangu, umesahau matusi. Malcolm akifungua kinywa, mkuu wa chuo atakuwa mlangoni. Mwalimu, usijaribu bila kukata vipande.

Ila kuna The Thick of It ya 2012, waziri Peter Mannion anatumwa shuleni kuzindua mradi wa teknolojia kwa wanafunzi. Wazo ni la chama mshirika serikalini na yeye mambo ya kompyuta hayajui. Waliokuwa Kenya wakati wa ahadi ya laptopu za darasa la kwanza, mwaka 2013, watajiona humo. Tableti zilianza kufika 2016.

MamaGredi4: Hivyo vyote ni vya ofisini. Mwalimu yuko wapi? Tazameni Abbott Elementary ya Marekani, shule ya umma Philadelphia. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa, mwalimu Janine anahangaika kupata zulia la darasa, pesa zinapatikana, mwalimu mkuu anazitumia kuweka bango jipya la shule lenye picha yake. Baadaye inakuja kampuni ya shule za mkataba (pesa za umma, uendeshaji wa binafsi) inayotaka kuichukua shule. Sisi wazazi wa CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, tuliotafuta kadibodi usiku ili "mtoto" amalize mradi wake, tunalijua zulia hilo.

Kobe74: Mama, hoja nzuri, lakini mada yake ni sera.

MamaGredi4: Na sera inatua wapi kama si kwenye zulia?

MwalimuZamu: Ahsanteni. Naweka ya Humphrey yenye maandishi chini, nasimamisha pale Kobe aliposema. Ile ya Malcolm na mtaalamu nitaisimulia mwenyewe, bila matusi. Mama, ya zulia nawapa wakatazame bwenini. Mwenye kopi safi ya 1988 anitumie inboksi, yangu sauti inakwaruza.