Suzuki Carry inavuma tu haipandi kilima, ni klachi au giaboksi? Naombeni msaada

Mchukuzi_Mkoani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Mkoani, Pemba, nna Suzuki Carry ya giya za mkono, nnabebea mizigo ya watu ikishuka melini napeleka Chake, mara nyengine Kengeja. Tatizo lina wiki 3 sasa. Nikitoka bandarini kupanda kile kilima na mzigo, niko giya ya 2, nakanyaga mafuta injini inapanda sauti lakini gari mwendo ni ule ule, haikazi. Juzi ikatoa harufu ya kuungua mpaka mwenye mzigo akataka kushuka. Bila mzigo njia ya tambarare haina neno, ila nikiwa giya ya 4 nikikanyaga ghafla inavuma hivo hivo. Fundi aloitazama kanambia giaboksi imekufa, niagize nyengine Unguja, na bei alotaja sina, na gari hii ndo inolisha watoto. Anojua anifahamishe kabla sijatia pesa.

mtoto_wa_konde
Pole yakhe. Ongeza oili ya klachi tu, Hiace yangu ilinisumbua klachi nikajaza ikatulia siku ile ile.

FundiSpana
Waalaykum salaam. Usinunue giaboksi kwanza. Giaboksi ya mkono haitelezi, meno yake ama yameshikana ama hayajashikana, ikiharibika utasikia mlio au giya inaruka yenyewe au haiingii kabisa. Injini kupanda sauti na gari kubaki pale pale hiyo ni klachi, ile inounganisha injini na giaboksi, haishiki.
@mtoto_wa_konde kaka hebu kumbuka vizuri, Hiace yako si giya zilikuwa ngumu kuingia? Oili ikipungua pedali haisukumi ya kutosha kwa hiyo klachi haiachi. Ya ndugu yetu ni kinyume chake. Na hizo Carry ninazozifungua mie klachi yake ni ya waya, hana pa kutia oili.
Mchukuzi nijibu haya, giya zinaingia vipi, pedali inashika chini au juu, na kuna mtu kaigusa klachi karibuni?

mtoto_wa_konde
Kweli fundi, rivasi ndo ilikuwa haiingii. Ahsante kwa kunisahihisha.

Mchukuzi_Mkoani
Giya zinaingia laini kabisa. Pedali inashika juu, mguu nishauondoa karibu wote ndo gari inaanza kwenda. Halafu umenikumbusha, kabla ya haya pedali ilikuwa inashika chini mno na rivasi inakwaruza, kijana mmoja hapa akanikazia waya ikawa nzuri, kama wiki moja baadae ndo ikaanza hii.

FundiSpana
Basi anzia hapo hapo. Ibonyeze pedali kwa mkono, lazima pale juu iwe na mchezo kidogo, inakwenda nyepesi kabla hujahisi uzito. Kama ni nzito tangu mwanzo basi waya umekazwa kupita kiasi, ni sawa na mtu aloweka mguu juu ya pedali kutwa nzima, beringi inaisukuma presha (sahani ya springi inobana), presha haiibani pleti (diski ya klachi) barabara, pleti inasuguka inaungua. Ingia chini, legeza nati ya waya pale kwenye mkono wa giaboksi mpaka mchezo urudi.
Ukishamaliza ipime. Mahala pa tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta hendibreki mpaka mwisho, tia giya ya 4, ongeza mafuta kidogo kisha achia klachi. Ikizima pale pale klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma pleti imekwisha. Mara moja au mbili basi, usiirejee rejee unaimaliza mwenyewe.

BintiWete
Na breki pia mtazame. Ya baba ilikuwa nzito kilimani na inanuka, kumbe breki ya nyuma moja haiachii. Ila ya kwetu injini haikuwa inavuma peke yake, ilikuwa inaelemewa tu. Ukifika safari weka mkono karibu na rimu, ilo na moto kuliko wenziwe ndo hilo. Halafu samahani, unapakia kiasi gani?

Mchukuzi_Mkoani
Saruji mifuko 12, siku ya kazi nyingi 14.

BintiWete
Mfuko kilo 50, hiyo 12 ni kilo 600 ndugu yangu! Gari hizi Wajapani wamezipangia kilo 350, na injini ni cc 660. Kwa kilima kile unaionea.

Mchukuzi_Mkoani
Narudi na majibu. Rimu zote sawa. Pedali haikuwa na mchezo hata chembe, nimelegeza waya. Bila mzigo imebadilika sana, wallahi nimefurahi. Lakini kipimo cha giya ya 4 haikuzima, imenguruma tu na harufu ikatoka. Na chini pale injini inapokutana na giaboksi pana mafuta mafuta meusi.

FundiSpana
Pleti ishaungua, wiki 3 nyingi. Badilisha pleti, presha na beringi kwa pamoja, kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile usije ukailipa mara mbili. Pleti kongwe nenda nayo dukani, pima upana na uhesabu meno ya katikati, Carry hazifanani. Hayo mafuta yakiwa ya injini ni sili ya nyuma ya krenki (mpira unozuia oili isivuje nyuma ya injini), nayo itiwe mpya, la sivyo pleti mpya italowa na itateleza vile vile. Flaiwili (lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa nalo) ioshwe na petroli ikauke kabisa, ikiwa na mabaka ya buluu au nyufa ipelekwe kwa mchonga vyuma.

Mchukuzi_Mkoani
Nimefahamu. Giaboksi yangu inabaki, alhamdulillah. Jumamosi meli ikishaondoka naishusha, na mpaka siku hiyo sipakii zaidi ya mifuko 5.

FundiSpana
Wakishaitoa piga picha ya flaiwili na sili utie hapa kabla hawajafunga.