Mvumaji wa Juan Fernández: dume na jike hutofautishwaje?

Swali: Wadau, kwenye picha za kisiwa cha Robinson Crusoe (kwenye visiwa vya Juan Fernández), Chile, naona ndege wavumaji wa aina tatu: mwekundu-kahawia, wa kijani tumbo jeupe, na mdogo zaidi. Ni spishi tatu?

Jibu 1: Mbili tu, mkuu. Mwekundu-kahawia ni dume la mvumaji wa Juan Fernández, *Sephanoides fernandensis*, gramu 11 hivi. Jike, takriban gramu 7, ana mgongo wa kijani-buluu na tumbo jeupe lenye madoa. Mwaka 1831 walipewa majina kana kwamba ni spishi mbili, na si ajabu! Yule mdogo ni *S. sephaniodes*, ambaye yuko pia Chile bara.

Jibu 2: Usiangalie utosi peke yake: manyoya yake hung'aa kulingana na pembe ya mwanga, kivulini huonekana meusi tu. Angalia tumbo.

Swali: Kwa nini mvumaji wa Juan Fernández hayupo kwingine?

Jibu 3: Kisiwa kiko kilomita 670 hivi kutoka bara. Jamii ya kisiwa cha Alejandro Selkirk, kingine cha visiwa hivyo, ilitoweka. Haijaonekana tangu 1908. Waliobaki hujenga viota kwenye miti ya luma, ambayo inasongwa na maki (mti vamizi kutoka bara) na miiba ya zarzamora (kichaka vamizi). Kukata maki bila kuua kisiki ni kazi bure, huchipua upya. Paka nao huwavizia kwenye maua ya chini, kwa hiyo paka wa kijijini wahasiwe. Bustanini pandeni *Dendroseris litoralis*, mti wa asili wa visiwa hivyo, maua yake ya rangi ya chungwa huwalisha. Ila zungushieni uzio, sungura hutafuna miche.