Simu janja zenye kibodi ya batani: Titan 2 mpya, KEY2 ya mtumba au kava la Clicks?

ripota_wa_Dom
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe simu janja zenye batani za herufi zote, sisemi vitochi. Kazi yangu ni kuripoti: kikao kinaendelea, mimi huku namtumia mhariri habari aya kwa aya kwa WhatsApp. Kuandika kwenye kioo kumenishinda. Vidole vinene, mikono ikitoka jasho ndiyo kabisa. Nina njia tatu: Unihertz Titan 2 mpya, BlackBerry KEY2 iliyotumika, au ninunue kava la Clicks, lile lenye kibodi ya batani, niivalishe iPhone ninayotumia sasa. Sifa za kwenye boksi nimeshazisoma. Nataka kujua mnaishi nazo vipi kutwa nzima.

mtu_wa_Kisutu
Titan 2 ninayo, mkuu. Kabla hujauliza kingine, chukua rula: upana ni karibu sentimita 9. Mfuko wa suruali ya kitambaa unaisitiri, jinzi ya kubana hapana. Kioo ni mraba wa inchi 4.5, 1440 kwa 1440, na hapo ndipo utaipenda au utaichukia. Ukifungua hati ndefu au barua pepe unaona mstari mzima bila kusogeza, na kwa vile batani ziko chini ya kioo, hakuna kibodi inayopanda kumeza nusu ya ulichoandika. Kwa mwandishi hiyo ni raha tupu. Lakini fungua video za TikTok au status za watu: picha imesimama katikati kama mlingoti, kulia weusi, kushoto weusi. Wanangu hawaitaki hata kuishika, jambo ambalo kwangu ni faida.

Kibodi yenyewe inahisi mguso. Unapitisha kidole juu ya batani bila kubonyeza, ukurasa unapanda na kushuka. Ukizoea hilo, ukirudi kwenye simu ya kawaida unajikuta unapapasa hewa.

Ubaya wake ni daladala. Ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, huandiki. Hii simu inataka mikono miwili.

Bi_Mwembe_Tayari
Mimi niko Mombasa, KEY2 ndiyo simu yangu ya duka. Wateja wa vitambaa wananiandikia mchana kutwa, nami nawajibu huku namtazama aliye mbele yangu. Vidole vishajua njia. Ni nyembamba kuliko hiyo ya ndugu wa Kisutu, yaingia mkobani vizuri, na alama ya kidole iko kwenye batani ya nafasi, kwa hivyo ukiishika tu ishafunguka. Pia kuna ile batani ya njia za mkato: waishikilia pamoja na herufi, programu yafunguka. W yangu ni WhatsApp, K ni kikokotoo.

Sasa ukweli wake. Ilitoka 2018 na Android yake iliishia 8.1. WhatsApp yaenda, simu za kawaida zaenda, lakini programu moja ya benki ilinikataa, yasema toleo la zamani. Betri ya 3500 mAh ilikuwa kubwa ilipokuwa mpya. Leo ukinunua ya mtumba wanunua na uchovu wake.

fundi_Kkoo
Naongezea alipoishia Bi Mkubwa. TCL waliokuwa wakizitengeneza waliacha kuziuza Agosti 2020, kwa hiyo vipuri tunavitoa kwenye maiti za simu nyingine. Kioo kikipasuka utanikumbuka. Ukipata ya kununua, bonyeza batani zote moja moja mbele ya muuzaji, pamoja na Alt (ya kutolea namba na alama) na Shift (ya herufi kubwa), maana batani iliyokufa huwezi kuiona kwa macho. Uliza kama ni ya laini moja au mbili, matoleo yote yapo. Halafu piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone majibu kabla pesa haijatoka mfukoni.

Na mtu asikuuzie Passport wala Classic kwa sababu ni "BlackBerry orijino". Zile ni BB10, mfumo wa BlackBerry wenyewe, si Android. WhatsApp iliziacha mwisho wa 2017 na BlackBerry wenyewe walizima huduma zake tarehe 4 Januari 2022. Ni mapambo.

ripota_wa_Dom
Ahsanteni sana. Bi Mwembe Tayari, shikamoo. Na mambo ya pesa? Mimi kila saa niko *150*00# ya M-Pesa, namba mnaziandikaje?

Bi_Mwembe_Tayari
Marahaba mwanangu. Namba zimelala juu ya herufi: W ni 1, E ni 2, R ni 3, kisha S, D, F, kisha Z, X, C. Ukipiga simu unabonyeza moja kwa moja, haina shida. Shida ni nywila yenye herufi na namba mchanganyiko, hapo Alt utaibonyeza mpaka uchoke, na huoni unachoandika kwa sababu ni vidoti. Hata kuandika ng'ombe, ile alama yataka Alt na K. Siku za mwanzo ng'ombe wote walikuwa nyati kwangu, ile alama niliikwepa.

Jambo moja la kuzima mapema: usahihishaji wa Kiingereza. Kwenye kioo walazimika kuuacha kwa sababu kidole chakosea. Kwenye batani hukosei sana, basi wauzima, na Kiswahili chako kinabaki ulivyokiandika.

mhamiaji_Muscat
Hakuna aliyeitetea Clicks, nitaitetea kidogo. Ni kava linalochomekwa kwenye tundu la chaji, halina Bluetooth wala betri yake, na kamera na programu zako zote zinabaki zilezile. Kibodi ya kioo inaondoka, nafasi yote ni yako. Ila simu inarefuka mno na uzito unahamia chini, ukiandika umelala inakuangukia usoni. Na kava ni la modeli moja tu. Ukibadilisha simu, umebaki na kava. Kaka, iPhone yako ni ipi?

ripota_wa_Dom
Ni 13.

mhamiaji_Muscat
Basi angalia sana orodha yao kabla ya kulipa. Walipoanza 2024 walianza na 14 Pro na 15 Pro.

Kaka_Mkavu
Nunueni kibodi ndogo ya Bluetooth muwekane sawa. Bei ya chakula cha wiki.

mtu_wa_Kisutu
@Kaka_Mkavu, ripota anaandika amesimama nje ya ukumbi, ataiweka wapi, kichwani?

ripota_wa_Dom
😂 Kweli, meza huwa sina. Naona Titan 2 inaongoza. Mkuu wa Kisutu, mwisho: betri yake inafika jioni? Na batani zina taa? Vikao vingine vinavuka magharibi.

mtu_wa_Kisutu
Taa zipo. Betri ni 5050 mAh. Mimi naandika zaidi ya kutazama video, natoka nayo asubuhi nalala nayo bila kuchaji. Uje Dar siku moja kabla hujanunua, nikupe yangu uishike saa nzima, na uvae hiyo suruali unayoendea kazini.