Mrejesho: kichocheo cha shaba kilichogoma kutoa methanoli

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kichocheo changu (kile kinachoharakisha mmenyuko) cha shaba na zinki, cha kugeuza hewa ukaa na haidrojeni kuwa methanoli, kinachapa kazi siku ya kwanza kisha kinalala. Wengi mlisema joto limezidi. Nikashusha kutoka nyuzi 280 hadi 230, shinikizo bar 50. Kweli monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka badala ya methanoli, ilipungua, ila methanoli ikabaki kiduchu.

Aliyepatia ni yule aliyeuliza, "Unga wa kichocheo unauosha kwa maji gani?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: maji safi. Kumbe wiki ile umeme ulikatika, mtambo wa kukeneka maji ukazimika, na kijana wetu wa maabara akachota ya kisima. Visima vya Dar mnavijua, chai ina chumvi kabla hujatia sukari. Nikayadondoshea naitreti ya fedha, dawa ya kupimia kloridi: meupe kama tui. Kloridi, ile ya kwenye chumvi! Hiyo ni sumu kwa shaba. Chembe zinasogeleana, zinaungana kuwa madonge, na sehemu ya kufanyia kazi inakwisha.

Nimetengeneza upya. Maji ya betri kutoka Kariakoo (nayo niliyapima kwanza, siamini mtu tena), nikaosha mara saba. Unga mweusi ukageuka mwekundu wa kahawia ndani ya haidrojeni, na leo ni siku ya 9 haujachoka.

Mkuu wa swali la maji, supu ya pweza pale soko la samaki Feri ni juu yangu. Sema siku tu.