Mdaiwa kajifanya shamba boi wake mwenyewe, samansi imerudi "HAKUPATIKANA"!!!

MbaoZaMafinga
Wakuu naandika mikono inatetemeka, nimetoka huko saa hii hii hata maji sijanywa. Yule mkandarasi mnamjua, yule anayejipiga picha kila siku na kofia ngumu utadhani Daraja la Kigamboni kalijenga peke yake. Simtaji. Mnamjua.

Namdai milioni 41. Mbao za paini, semi mbili kutoka Mafinga, nimesimamia kupakia mwenyewe mvua inaninyeshea, mwaka wa pili huu hajatoa hata mia. Nikaenda mahakamani kistaarabu. Kesi imetajwa mara tatu, mara zote hakimu anauliza mdaiwa kapata wito, jibu hakupatikana, hakupatikana, hakupatikana, kama vile namdai jini.

Leo nikasema naenda mwenyewe na mpeleka samansi nimwoneshe nyumba. Bajaji mpaka Goba, nimelipa mimi. Akaniambia mzee kaa humu humu usije ukazua ugomvi, nikakaa. Akagonga geti. Sasa sikilizeni. Geti kafungua YEYE MWENYEWE. Singlendi na kaptula, mkononi hindi la kuchoma limepakwa ndimu na pilipili, anatafuna. Akaulizwa bosi yupo? Akajibu mdomo umejaa mahindi, "Bosi kasafiri, mimi shamba boi tu." SHAMBA BOI!! Mtu kitambi chake kinatangulia kufika getini yeye anafuata dakika tano baadaye, shamba boi!!

Na juu ya kichwa chake kenchi za baraza ziko wazi, dari haijapigwa, zile mbao ni zangu, zina rangi nyekundu kwenye ncha niliyopaka kwa mkono wangu. Yaani kasimama chini ya mbao zangu, anakula hindi, anasema yeye shamba boi.

Nikaruka kutoka kwenye bajaji napiga kelele ndiye huyo, ndiye huyo, geti likabamizwa. Mpeleka samansi ananiambia baba mimi naandika nilichoambiwa. Kaandika hakupatikana. Hakupatikana, na punje za mahindi zimemdondokea juu ya karatasi!!! Nauliza, sheria ya nchi hii inashindwa na hindi? Mtu akijificha ndio deni limekufa?

Kijukuu wa Bibi
Mzee milioni 41 zinafungua geti wewe umekaa bajajini kama mchumba anasubiri kuletewa chipsi 😂😂

MbaoZaMafinga
Nimeambiwa nikae nimekaa, nimefuata utaratibu. Wewe soma uzi vizuri. ALIKUWA ANATAFUNA HINDI.

Tozi la Tegeta
La kuchoma au la kuchemsha mkuu? Tuanzie hapo 😂

Wakili wa Kijiweni
Pole mzee, deni halijafa. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 5, watu wa aina hiyo imeshawawekea dawa. Mtu akikataa kupokea au kusaini, mpeleka samansi anabandika nakala kwenye mlango wa nje wa nyumba yake, halafu anarudi mahakamani anaapa kiapo kwamba kabandika lini, saa ngapi, nani kamwonesha nyumba na nani kashuhudia. Huyo wa kuonesha ulikuwa wewe, ungeshuka mapema uka­mtambulisha pale pale. Na huyo jamaa ana mtu anamfundisha, maana mtu mzima wa familia anayeishi naye anaweza kupokea wito kwa niaba yake ila mtumishi hahesabiwi familia, kwa hiyo angejiita kaka mtu angenasa, kajiita shamba boi kwa makusudi.

Sasa peleka maombi ya wito kwa njia mbadala, na kiapo chako cha yote uliyoona leo, pamoja na zile mara tatu. Hakimu akiridhika anaamuru ubandikwe mahakamani na kwenye nyumba ya mwisho anayojulikana kuishi, au utangazwe gazetini. Hapo kisheria kapata, hata akijifungia stoo. Asipotokea unaomba kusikilizwa upande mmoja. Ila msilipue, akija baadaye akathibitisha wito haukumfikia kihalali, hukumu inatenguliwa mnaanza upya.

MbaoZaMafinga
Yaani kanila mbao, nimempa lifti mpeleka samansi, sasa na tangazo la gazeti nimlipie MIMI? Shamba boi mwenye gari mbili uani!!

Wakili wa Kijiweni
Unatanguliza wewe, mwisho wa kesi unaomba gharama zirudi.

Jirani wa Nairobi
Poleni. Huku Kenya tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi itumwe kwa barua pepe ama WhatsApp, namba yake ile anatumia. Ikionesha imefika, imefika, unaambatisha kwa kiapo basi. Hindi haisaidii hapo.

Mama Wawili
Afadhali wewe baba umemwona sura. Mimi baba watoto wangu nimefungua shauri la matunzo, kila samansi ikitoka kashahama, nasikia yuko Mbagala, nikifika yuko Chanika, watoto ada hawajalipiwa yeye anaposti mishkaki. Na ofisi ya mtaa nikaombe barua kwamba aliishi pale wananiambia buku kumi ya muhuri. Buku kumi!! Muhuri wa dhahabu?

Tozi la Tegeta
Dada umepewa bei ya ndugu, mtaani kwetu muhuri buku ishirini na wino umekauka, wanaupulizia kwanza.

Kijukuu wa Bibi
Sisi mwenyekiti anatembea na muhuri mfukoni, ukimkuta kilabuni unamnunulia moja anagonga hapo hapo mezani.

Mama Wawili
Na risiti ukiomba wanakuangalia kama umetukana. Nimeomba risiti wakaniambia nirudi Jumatatu.

MbaoZaMafinga
Jamani uzi wangu ni wa SHAMBA BOI, ya mihuri fungueni uzi wenu.

Fundi Kenchi
Samahani mzee, hizo 2x4 za Mafinga kwa sasa unauzaje? Nina nyumba Kibamba nataka kupaua mwezi huu.

MbaoZaMafinga
Hapa sio sokoni fundi.

Fundi Kenchi
Nauliza tu, maana nilizonunua mwezi uliopita zilikuwa mbichi zimepinda zote kama upinde, na mafundo mengi.

MbaoZaMafinga
Mbao zangu HAZIPINDI na mafundo huyakuti, nakausha mwenyewe, kaangalie baraza la yule mwizi kenchi zimenyooka kama rula.

Tozi la Tegeta
Fundi tunaomba mrejesho ukifika Goba, ubebe na chumvi ya hindi 😂

Fundi Kenchi
Nahitaji kama 200 za 2x4 na 60 za 2x6.

MbaoZaMafinga
Semi inashuka Ijumaa. Njoo inboksi. Ila unalipa kwanza ndio unapakia.